Mahali pa Mumbua

Siku ya kuamua Mama azikwe wapi, wanaume wa nyumbani walikuwa wameshapima juu karibu na lango, mahali gari la kanisa lingefika bila shida. Mimi nikasema hapana. Nikasema azikwe chini, kwenye tuta la tatu, pembeni mwa migomba. Walinitazama kama mtu aliyeshikwa na wazimu. Kama huijui miteremko ya Mbooni, basi nikwambie: kubeba jeneza mpaka tuta la tatu ni kazi ya vijana wenye magoti ya kweli, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mjomba mmoja akauliza kwani huko chini kuna nini. Huko chini yuko mtoto wangu, lakini jambo hilo halikuwahi kusemwa mbele ya wanaume wa boma lile, na sikutaka lisemwe mara ya kwanza mbele ya mchungaji na masufuria ya mchele.

Aliyenivuta kando ni Anti Katunge, mdogo wake Mama, ambaye sasa naye amezeeka na mkono mmoja unatetemeka. Tuliketi nyuma ya jikoni tukichagua maharagwe ya matanga. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuonyesha chumvi ilipo, "Ndunge, usigombane na watu kwa sababu ya pale. Pale hakuna kitu." Nikamuuliza hakuna kitu namna gani. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mimi ndiye nilimpeleka mtoto. Sio mama yako. Mama yako hakutoka kitandani kwako ile asubuhi. Nilimpeleka upande wa mtoni peke yangu, na sikumwambia mtu. Mama yako aliniuliza, akaniuliza tena, nikakataa. Nilikuwa msichana, niliogopa tumbo lako lifungwe, usizae tena, kwa sababu yangu. Halafu mvua ya mwaka uliofuata ikabeba ule ukingo wote. Sasa hata mimi siwezi kukuonyesha." Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye maharagwe, akaendelea na kazi.

Sijui kama unaweza kuelewa. Nimeenda kwenye tuta lile kila Desemba, tangu nikiwa msichana mpaka nywele hizi za sasa. Nimepalilia pale. Nimewapeleka pale wanangu wawili wa kiume, mmoja mmoja, walipofika umri wa kuelewa, nikawaambia hapa yuko dada yenu. Nimekosana na jirani mwaka mzima kwa ajili ya mbuzi wake. Na sasa naambiwa nilikuwa nalilia udongo mtupu. Moyo ulinivunjika mara mbili kwa wakati mmoja, mara moja kwa mtoto na mara moja kwa mama, na sikujua nianze kumlilia nani. Mama tulimzika kwenye tuta la tatu. Hilo nilishinda. Lakini tangu nirudi Kitui sina usingizi wala hamu ya chakula, nafundisha wanafunzi wangu nikiwa nimekaa kwenye kiti, na kila nikifumba macho narudi kwenye ule mwaka mmoja.

Nilizaa mwezi wa nne, katika zahanati ya chini ya kilima, mvua ikinyesha, na tukarudishwa nyumbani siku ileile kwa sababu mimi na mtoto tulikuwa salama. Kuhusu baba yake sitapoteza wino. Alikuwa mpiga gita wa harusini, na harusi zikampeleka mbali. Mtoto alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi zilizoteremka mpaka shingoni, na alikuwa anapiga chafya, vichafya vidogo vikavu ambavyo vilimchekesha Mama kila mara. Kesho yake homa ikanishika, nikawa sijielewi, na alfajiri iliyofuata mtoto hakuamka. Sina neno lingine la kusema. Hakuamka. Nakumbuka mikono ya Mama imeshika kichwa changu, imekishika asubuhi nzima kana kwamba kingeanguka. Nakumbuka sauti ya Anti Katunge mlangoni. Nilipopata akili ya kuuliza, beseni lilikuwa limeoshwa, nguo zimeanikwa nyuma ya nyumba, na hapakuwa na dalili yoyote kwamba mtu amewahi kupiga chafya ndani ya chumba kile.

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni kiimu, yaani bado ni wa mizimu, hajawa wetu. Akiondoka kabla ya jina haombolezwi. Mwanamke mmoja humchukua na kumlaza mahali mama mtu asipopajua, ili asije akawa anakwenda kupalilia kilio hapo mpaka tumbo lake lifungwe. Mama alikuwa ameokoka, alikuwa kwenye kwaya ya akina mama, na ungemtajia mizimu angekuombea palepale ulipo. Lakini wokovu wa kwetu ulikuwa wa sebuleni, jikoni mambo yaliendelea yalivyokuwa. Nilimuuliza mtoto yuko wapi. Akaniambia, "Ndunge, hiyo maneno imeisha. Kunywa uji." Nikamuuliza kesho yake na kesho kutwa. Alinijibu vilevile, na uji ule ulikuwa mzito wa wimbi, wenye siagi juu, uji wa mama aliyejifungua. Nilikuwa nalishwa kama mzazi na kukatazwa kuwa mzazi.

Mwezi wa tano nikarudi chuoni Kitui. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya ngoma, na kila mmoja wetu alitakiwa kufikia Novemba awe na ngoma yake ya mtu mmoja, aliyoibuni mwenyewe, aicheze mbele ya watahini. Bweni lilikuwa limejaa, kwa hivyo nikapata chumba kwa Mama Zulfa, nyuma ya soko. Babu zake walikuja kutoka pwani na biashara ya nguo, wakazaa, wakazeeka na kuzikwa Kitui, na yeye alisema Kikamba vizuri kuliko wajukuu wa Mbooni, lakini nyumbani kwake alisema Kiswahili chake safi na hakunionea huruma kwa changu. Chumba changu na jiko lake vilitenganishwa na mbao tu. Nililala na harufu ya iliki, nikaamka na sauti ya mchi. Kupitia zile mbao nilisikia bei za vitunguu, ugomvi wa binti yake Zulfa na mumewe kwenye simu, habari za nani ameposwa Mwingi na nani amekataliwa. Mimi sikuwa na habari ya kumpa mtu. Chuoni nilikuwa nimesema nilishikwa na malaria.

Ukumbi wa chuo ulinuka mafuta ya sakafu, na joto la Kitui mchana lilikuwa halitaki mchezo. Kila mtu alikuwa na wazo lake. Kyalo, kijana wa Zombe, alikuwa anaruka viti viwili vilivyopangwa na kutua kwa bega, na alikuwa ameridhika, alikuwa anakula mandazi na kutazama wenzake wakihangaika. Mimi nilianza na nilichokijua. Ngoma zetu ni za mabega. Mkamba huchezea hapa, kifuani na mabegani, mtikiso ule wa haraka ambao wageni huja kuutazama na mdomo wazi, na katika mtikiso huo nilikuwa na jina. Siku ya kwanza nilisimama katikati ya ukumbi, Mwalimu Kimanzi akapuliza filimbi yake, nikatikisa mabega mara mbili, na maziwa yakatoka. Yalilowesha blauzi yote. Mwezi na zaidi ulikuwa umepita, hakuna mdomo uliowahi kuyanyonya sawasawa, na yenyewe hayakuwa na habari. Nikakumbatia kifua, nikasema naumwa tumbo, nikatoka nje kwenda kusimama nyuma ya choo. Nililia pale mpaka kengele ya chakula.

Kwa wiki kadhaa nilijifunga leso kifuani kwa nguvu mpaka nikawa napumua kwa shida, ili nikicheza mabega yakae kimya. Mwalimu Kimanzi alinizunguka akinitazama kama fundi aliyeletewa redio isiyosema. Alikuwa mtu wa utani, lakini utani wake ulikuwa na meno. "Mkamba asiyetikisa bega," alisema, "huyo ni isyo bila maharagwe, mahindi matupu. Ndunge, mabega yako yamekufa lini?" Wenzangu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana ningefanya nini? Kisha nikarudi nyumbani na kujilaza kifudifudi, halafu nikakumbuka siwezi kulala kifudifudi, nikageuka.

Alasiri moja Mama Zulfa alikuwa anakaanga kaimati za kuuza, akaniita nimsaidie kuzichovya kwenye shira. Aliniuliza huko chuoni kunanisumbua nini hata nimekonda hivi. Nikamwambia ninatengeneza dansi ya mtu mmoja. "Hutengenezwa baiskeli, mwanangu," akasema. "Ngoma hutungwa. Kama shairi. Kama mimba." Nadhani uso wangu ndio ulioniumbua, au labda ni leso, maana nilihisi joto likipita kifuani na sikuweza kulizuia. Mama Zulfa aliipua karai na kaimati zake zikiwa nusu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya hata siku mume wa Zulfa alipokuja kuomba radhi. Akaniuliza ilikuwa lini. Nikamwambia mwezi wa nne.

"Alikuwa akiitwa nani?"

"Hakuwa na jina. Hakufika siku ya jina."

"Alipumua?"

"Alipumua. Alikuwa anapiga chafya."

"Basi huyo ni mtu. Kwetu hata aliyepumua saa moja huoshwa, hukafiniwa, na huitwa jina lake. Mama yake siku ya kiyama atamwitaje? Atapiga mluzi?" Akauliza tena kana kwamba ananiuliza kitu cha kila siku. "Jina lake nani?"

Jina lilitoka bila mimi kulitafuta. Mumbua, kwa sababu ya mvua. Hakuna mtu aliyekuwa amenipa ruhusa ya kumwita, na nilipomwita nilisikia kama nimepasuka mahali. Nililia kwenye mapaja ya Mama Zulfa, na nguo zake zikaingia shira na maziwa na machozi, na yeye hakusema nyamaza. Kila mtu mwingine alikuwa ameniambia ninyamaze. Nilipomaliza aliinjika karai tena, akasema kaimati zilizokatizwa hazifuri, hizi tutazila wenyewe. Tulizila, zilikuwa ngumu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Aprili kusikia ladha ya kitu.

Baada ya hapo nilijua ngoma yangu inamhusu nani, lakini kujua hivyo si kuwa na ngoma. Nilianza vibaya. Nilianza na mikono. Nilikunja mikono hivi, mbele ya kifua, nikayumba, nikazunguka. Mwalimu Kimanzi alitazama mpaka mwisho, akakaa kwenye benchi na kuvua kofia. Sijui alikuwa amesikia nini, au alijua tu kwa macho, lakini siku ile hakutania. "Toa hiyo mikono," akasema. "Ukiikunja hivyo mimi nitasema, aah, mtoto. Nitakuonea huruma. Na nikishakuonea huruma siangalii tena, nimeshamaliza. Toa." Nikamwambia nikitoa hakuna kitu kinachobaki. "Basi cheza hicho kisichobaki," akasema, akaondoka kwenda kunywa chai. Nilimchukia mwezi mzima. Sasa na mimi nawaambia wanafunzi wangu maneno hayohayo, na naona machoni mwao wanavyonichukia.

Likizo ya Agosti nilirudi Mbooni. Kulikuwa na baridi na ukungu, Mama alikuwa anavuna avokado, na hatukuwa na la kuzungumza ila avokado. Asubuhi moja nilivua viatu nikashuka shambani, tuta baada ya tuta, nikikanyaga polepole. Nilifikiri udongo uliochimbwa ungekuwa laini kidogo, ungeniambia. Nilikuwa naweka ncha ya mguu, nasikiliza, naweka unyayo wote, nahamisha uzito, hapana, sio hapa, natoa. Mwili mzima umeegemea nyuma, maana ukishuka mteremko ule bila kuegemea nyuma utafika mtoni kwa kichwa. Sijui nilifanya hivyo kwa muda gani. Nilipoinua macho Mama alikuwa amesimama juu na kikapu. "Unatafuta nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Unajua." Alisimama pale, kikapu kichwani, hata kwa mkono hakukigusa, kisha akarudi jikoni. Jioni tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mboga za kunde. Aliniongezea mara mbili bila kuniuliza, na mimi nikala kwa hasira.

Ngoma ilitokana na miguu ile. Niliporudi chuoni nilisimama ukumbini na miguu yenyewe ikaanza kutafuta kwenye sakafu ya mafuta, pale ambapo hakuna udongo wowote. Hakuna mabega, hakuna kuruka. Mikono imening'inia tu kando. Mtu anashuka mteremko usiokuwepo akiuliza ardhi kwa unyayo. Nilijifunza kwamba nikienda haraka inakuwa kichekesho na nikienda polepole sana inakuwa kanisa, na katikati ya hizo mbili kulikuwa na mwendo mmoja tu wa kweli, ambao niliupata leo na kuupoteza kesho. Nilijifunza kukataa mahali. Hilo ndilo lililonichukua muda, kufika mahali, kuamini kwa mwili wote kwamba ni hapa, magoti yameshaanza kukunjwa, halafu kuondoka. Siku nyingine nilishindwa kuondoka, nilikaa tu sakafuni na Kyalo akaniletea mandazi. Mwalimu Kimanzi aliacha kupuliza filimbi. Alisema hajui aipulize wapi.

Nilimtumia Mama habari kupitia simu ya duka la pale kwetu, aje Novemba anione. Sikutumaini sana. Nilichotaka kilikuwa kimoja, na sitasema kilikuwa sanaa. Nilitaka Mama aone ngoma ile, aelewe siwezi kukaa hivi, aniambie alipomlaza mtoto. Watahini na alama zao nilikuwa nimewasahau. Alikuja siku moja kabla, na mfuko wa avokado kwa ajili ya mwenyeji wangu, amevaa ile leso yake ya bluu ya kwendea safari. Mama Zulfa alimpokea kama dada. Wangeweza kuzungumza Kikamba, lakini Mama alijitahidi Kiswahili chake cha sokoni kwa heshima, na Mama Zulfa kwa heshima hakumsahihisha hata mara moja, nikaona jinsi upendeleo ulivyo.

Jioni wakawa wanasukuma chapati, mimi niko upande wa pili wa mbao nashona nguo yangu ya kuchezea. Waliongea habari za mvua, za magoti, za Zulfa. Kisha nikasikia Mama Zulfa akisema, "Mwenzangu, mimi si wa ukoo, lakini mtoto anaumia. Kwa nini humwambii pale alipolazwa mwanawe?" Mti wa kusukumia ukanyamaza. Nilishikilia sindano hewani.

"Nitamwambia nini, Mama Zulfa?" Mama akasema. "Nitamwonyesha nini?"

Kisha mti ukaanza tena. Nilisikia ugumu katika maneno yale. Nilisikia mwanamke aliyefunga mlango na kumeza ufunguo, na usiku ule nilikula chapati zake bila kumtazama usoni. Leo nayasikia tena kila siku, na hayana ugumu wowote. Alikuwa anauliza. Hakuwa na cha kuniambia, hakuwa na cha kunionyesha, na alikuwa anamuuliza mwanamke mgeni afanye nini.

Kwenye chakula aliniuliza kesho ni nani atakayeniimbia. Nikamwambia hakuna, nacheza kimya. Kwa Kikamba, kwetu wathi ndio wimbo na wathi ndiyo ngoma, neno ni hilohilo moja, huwezi kuvitenganisha hata ukitaka. Mama alitafuna akifikiri. "Sasa hiyo ni wathi gani, ambayo haina wathi?" Mama Zulfa alicheka, na mimi karibu nicheke, na Mama akatazama sahani yake akiona amesema jambo la kijinga. Ningetoa kitu gani nirudishwe mezani pale nimcheke vizuri, nimshike mkono.

Ukumbi ulijaa. Kyalo aliruka viti vyake vitatu, aliongeza kimoja siku ileile, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikaingia baada yake kwenye ule moto wote bila ngoma wala filimbi. Watu walidhani kuna kitu kimeharibika. Nilisikia kikohozi, nikasikia benchi, nikasikia mtu akiuliza anafanya nini huyo. Mama na Mama Zulfa walikuwa safu ya pili. Nilianza kushuka. Ncha ya mguu, unyayo, uzito, hapana. Nilikuwa nimeahidi kutomtazama, lakini mahali pa tatu pa kukataa palikuwa panamwelekea yeye, na nilipoinuka macho yetu yakakutana. Alijua. Aliuona ule mteremko, aliyaona matuta yake mwenyewe. Aliinuka, akapita mbele ya magoti ya watu akiomba samahani kwa kila mmoja, na leso ya bluu ikatoka mlangoni. Nilikuwa na nusu ya ngoma mbele yangu. Nikaicheza. Sikutafuta tena, nilikuwa nashuka tu, na Mwalimu Kimanzi aliniambia baadaye kwamba nusu ile ya pili ndiyo iliyonipa alama. Nilimwambia asante. Alama hizo zimenilisha maisha yangu yote na sijawahi kuzifurahia.

Nilimkuta Mama nyuma ya ukumbi kwenye mfereji. Alikuwa ananawa uso, anafunga maji, anafungua, ananawa tena. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno mabaya. Alijifuta kwa leso, akanitazama miguu, sio uso, miguu, ambayo ilikuwa bado mitupu na ina vumbi. "Utaumia hivyo," akasema. Kisha akasema, "Mkifunga, uje nyumbani. Nitakuonyesha."

Kwa hivyo alikuwa na mwezi mmoja. Siku hizi nafikiria sana mwezi ule wa Mama. Anti Katunge anasema Mama alimwendea tena, akapiga magoti mbele ya mdogo wake, mtu mzima kumpigia mtoto magoti, na Anti akakataa. Mama Zulfa alinifundisha vitu vinavyotungwa akaacha kimoja, na Mama yangu, aliyekuwa hawezi kusema uongo hata kwa mtoza ushuru wa soko, alirudi kilimani kwake akiwa na kazi ya kutunga. Nani alimsaidia? Alilala akiwaza nini? Alishuka matuta yale mara ngapi akitafuta mahali ambapo mimi ningepaamini?

Desemba nilifika mchana, na hakuniacha hata ninywe chai. Alivaa viatu vya mpira, akashika panga, akatangulia. Tuta la kwanza tukapita. La pili tukapita. Kwenye la tatu, pembeni mwa migomba, alisimama bila kusita. "Hapa." Udongo ulikuwa mweusi na laini, hapakuwa na jiwe, na jua la asubuhi hupafikia kabla ya mahali pengine popote shambani, hilo nimekuja kuligundua kwa miaka. Nikamuuliza ana hakika. "Mimi ndiye nilimlaza," akasema. "Kichwa kiko huku, jua linakotokea. Nilimfunga na leso yangu, ile ya bluu, asione baridi." Nilimwamini. Ile leso nilikuwa nimemwona nayo Kitui mwezi uliotangulia, nilimwona akijifutia uso nayo, na bado nilimwamini. Labda na yeye alikumbuka hivyo akishasema, maana hakuivaa tena mbele yangu maisha yake yote. Tumeikuta mwezi uliopita tukigawa nguo zake, imekunjwa chini kabisa ya sanduku, haijachakaa.

Nilisimama pale na sikuweza kukaribia. Nilikuwa nimetafuta kwa miguu mwaka mzima, na sasa miguu ilikataa. Mama aliniangalia. Aliweka panga chini, akakunja nguo, akapiga magoti kwenye matope yeye kwanza, na kiganja chake akakilaza juu ya udongo. Kisha akaniuliza swali ambalo mwanamke wa kwetu haulizi, wala wa kanisani wala wa jikoni.

"Ulimwita nani?"

"Mumbua."

Akainama mpaka uso wake ukakaribia kugusa ardhi. "Mumbua," akasema, taratibu, kama unavyomwamsha mtoto. "Mama yako amekuja."